Wanafunzi wangu wanasinzia kwenye ujasiriamali

SWALI: Habari zenu. Nafundisha ujasiriamali chuo cha ufundi huku Mbeya, vijana wa uchomeleaji. Karakana wako moto ila nikianza tu "sifa za mjasiriamali" nusu wanalala, wengine simu. Nifanyeje?
Mwalimu, Mbeya

JIBU: Pole mwalimu, ila hata mimi hapo ningelala. Hamishia kipindi karakana, tafuta mteja wa kweli anayetaka geti dogo, hata jirani wa chuo, na kabla hawajakata chuma waandike bei: bomba, fimbo za kuchomelea, diski za grainda, rangi, umeme, usafiri, halafu ufundi. Utaona wengi wanasahau diski na umeme, wanatoa hela ya chuma tu inayobaki wanaiita faida, hapo ndo somo linaanza na wala hutapiga kelele. Ubunifu nao usiukuze sana (sio lazima mtu agundue ndege), geti lenye bawaba inayobadilishika bila kuchomelea upya tayari ni ubunifu na mteja atalilipia.

Mtaji watauliza tu. Kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba ila vijana wanakopeshwa kwa kikundi, so waanze kujuana mapema wakiwa chuoni. SIDO (shirika la serikali la viwanda vidogo) nao wapo toka 1973, mwalike mtu wao.

Na maksi mpe hata aliyeuza kwa hasara, ilimradi aonyeshe hela ilipotelea wapi.