Wenzenu Wakiingia Serikalini, Nyie Bakini na Wanachama

Naishi Łódź, mji uliokuwa wa viwanda vya nguo katikati ya Poland, na ni mweka hazina wa chama cha wakazi wa mtaa wetu. Wengi mnaoniandikia mnaongoza vikundi huko nyumbani, na swali linalojirudia ni hili: tufanyeje pale watu tuliopigania nao mabadiliko wanapopewa madaraka? Watu wa mji huu wanalijua jibu lake kwa uchungu.

Wanawake wa viwanda hivi walikuwa na sauti. Februari 1971 waligoma, na serikali ya kikomunisti ikalazimika kufuta bei mpya za vyakula. Tarehe 30 Julai 1981 wakaandamana barabara ya Piotrkowska na watoto wao na sufuria tupu. Wakati huo Solidarność, chama cha wafanyakazi kilichozaliwa kwenye migomo ya mwaka 1980, kilikuwa na wanachama karibu milioni 10. Juni 1989 kikashinda uchaguzi, na Agosti mtu wake, Tadeusz Mazowiecki, akawa waziri mkuu.

Januari 1, 1990 ukaanza mpango wa waziri wa fedha, Leszek Balcerowicz. Bei nyingi ziliachiwa soko na ruzuku zikakatwa. Mfumuko wa bei ulikuwa umekithiri, kwa hiyo silaumu kwamba hatua kali zilichukuliwa. Linaloniuma ni kwamba chama kilichozoea kuwasemea wafanyakazi ndicho kilichowaomba wavumilie, huku viongozi wake hodari wakiwa tayari bungeni na wizarani. Mwaka 1991 biashara na Muungano wa Kisovieti ikahamia kwenye fedha za kigeni, ambazo wanunuzi wa huko walikosa, soko la vitambaa likaporomoka, viwanda vya Łódź vikaanza kufungwa. Kufikia mwisho wa 1993, zaidi ya 16% ya nguvukazi ya Poland haikuwa na ajira.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini alikuwa mfumaji tangu usichana wake. Sikio la kushoto lilikwenda na kelele za mitambo, ukizungumza naye unakaa upande wa kulia. Aliniambia, "Barua za kupunguzwa zilipokuja, aliyekuwa anatutetea alikuwa keshahamia Warszawa," yaani mji mkuu, kwenye serikali. Wachimba makaa ya mawe, ambao vyama vyao vilibaki na nguvu migodini, mwaka 1998 walipata malipo mazuri ya kuacha kazi. Wafumaji hawakupata kitu kama hicho.

Kwa hiyo nawashauri muandike kwenye katiba ya kikundi: kiongozi akipokea cheo cha serikali au cha chama cha siasa, anakabidhi ofisi siku hiyo hiyo. Mpongezeni kwa moyo mweupe, kisha muwe na mtu aliyeandaliwa kushika nafasi yake. Na huyo mpya asione haya kumwandikia barua kali mwenzake wa jana. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana urafiki unaingia katikati.

La pili ni fedha. Shirika la misaada la Marekani lilifunga shughuli zake hapa mwaka 2000, na asasi zilizolitegemea zilibidi zijitafutie. Sheria ya 2003 ikamruhusu mlipakodi kuelekeza 1% ya kodi yake ya mapato kwa asasi ya manufaa ya umma anayoitaka; sasa ni 1.5%. Kila mwaka kabla ya Aprili 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu za kodi, tunapanda ngazi, nyumba kwa nyumba, na vikaratasi vyenye namba yetu ya usajili, tarakimu 10. Tunachopata si kingi. Lakini kila mlango unaofunguka, mtu anauliza: za mwaka jana mlifanyia nini? Nimejifunza uwekaji hazina kwenye ngazi zile kuliko kwenye semina yoyote.

Kama kwenu hakuna sheria ya namna hiyo, ada ya mwanachama ipo. Ikusanyeni hata ikiwa shilingi mia tano, mpite wenyewe mkononi na stakabadhi, msingoje watu walete. Na mkipata mradi wa mfadhili, kabla hamjasaini andikeni kwenye muhtasari wa kikao nani atalipa pango mradi ukiisha. Jibu likikosekana, msikodi ofisi. Endeleeni kukutana darasani shule ikifungwa, kama mlivyoanza.