Kihisi cha Sukari Kikileta Utata, Usikimbilie Kukibandua

Saa nane usiku simu inapiga kelele, kioo kimeandika sukari 3.1 (kwa vipimo vya mmol/L), yaani imeshuka, kwa wino mwekundu, na wewe huna jasho wala mtetemo. Kabla ya yote, geukia ubavu wa pili. Mara nyingi kelele za saa hizo kwa mtu asiye na dalili yoyote zinatokana na kukilalia kihisi, kile kifaa kidogo kinachobandikwa mkononi kupima sukari. Mkono ukibanwa na godoro, majimaji ya chini ya ngozi mahali pale hayazunguki vizuri, na kihisi kinasoma sukari ya hapo palipobanwa. Hapa Uyole, Mbeya, mwezi wa saba mtu akishajikunja ndani ya mablanketi mawili hageuki mpaka kuche, kwa hiyo kelele hizi huku kwetu ni za kawaida kabisa. Geuka, kisha choma kidole upime tone la damu kwa mashine. Kidole kikisema 6, rudi kulala, mstari utapanda wenyewe baada ya muda mfupi. Kidole nacho kikisema 3, amka unywe sukari, mengine baadaye.

Mimi nina kisukari aina ya kwanza, natumia insulini, na kazi yangu ni makoti ya mitumba pale Mwanjelwa. Vihisi huku Nyanda za Juu Kusini si kitu cha kuingia duka lolote la dawa ukakikuta. Unaagiza Dar, au unamsubiri ndugu anayerudi kutoka nje. Bei yake unaijua. Ndiyo maana naumia nikisikia mtu amekibandua siku ya tatu kwa sababu "kinadanganya". Vingi vinavyobanduliwa hivyo ni vizima, havikuhojiwa tu.

Mwamuzi ni kidole, na mwamuzi naye awe msafi. Osha mikono kwa sabuni, kausha. Ukitoka kumenya ndizi za Tukuyu ukachoma kidole hivyo hivyo, mashine itapima na sukari ya ndizi, utaona 14 ambayo haimo mwilini mwako, halafu utakilaumu kihisi. Tumia maji ya uvuguvugu ukiweza, kwa sababu asubuhi za baridi damu haitoki kirahisi, na ukikamua kidole kwa nguvu damu inachanganyika na majimaji, kipimo kinaharibika. Halafu linganisha wakati sukari imetulia, mshale wa kwenye kioo unaoonyesha sukari inapanda au inashuka umelala, kabla hujala. Kulinganisha dakika ishirini baada ya ugali ni kutafuta ugomvi.

Tofauti kiasi gani ivumiliwe? Kanuni ninayoifuata, na wengi wanaifuata, ni hii: sukari ikiwa chini ya 4, vipimo viwili visipishane zaidi ya 1.1, ikiwa juu ya hapo, visipishane zaidi ya asilimia 20. Kidole kikisema 10, kihisi kinachosema chochote kati ya 8 na 12 kipo sawa. Anayebandua kwa sababu kidole ni 8.2 na kihisi ni 9.1 anatupa hela. Saa 24 za mwanzo usizihesabu sana, kihisi kinakuwa bado hakijatulia mwilini. Siku hiyo choma kidole mara nyingi zaidi, na usidunge insulini kwa namba ya kihisi peke yake.

Sababu ya kupishana ipo wazi ukijua kinachopimwa. Kihisi hakipimi damu. Kina uzi mwembamba wa milimita 5 hivi unaokaa kwenye majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, na sukari inafika huko ikitokea kwenye damu, ikichelewa dakika 5 mpaka 15. Aliyewahi kukwama nyuma ya lori lenye tela kwenye kona za Kitonga atanielewa: kichwa kimeshageuka, tela bado linaangalia ulikotoka.

Hili lina madhara makubwa sukari inaposhuka. Umeona 3.2, umekunywa vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, yaani gramu 15 hivi. Dakika kumi baadaye kihisi kinasema 2.9 na mshale bado unatazama chini. Hofu inakushika, unamalizia soda, unaongeza mkate na asali. Kumbe damu ilishapanda kitambo. Saa moja mbele unakuta 16, unadunga insulini kuifukuza, na usiku wako umeharibika. Subiri dakika 15, pima kwa kidole, ndipo uamue. Kwenye kurekebisha sukari iliyoshuka simwamini kihisi hata kidogo, nakiangalia tu kujua mshale umegeuka saa ngapi.

Baridi nayo ina mambo yake. Kwetu ni Makete, na mwezi wa sita ule ukienda kuwasalimia wazazi unakuta barafu imelala kwenye majani asubuhi. Kila mtu anatetemeka, mwenye sukari na asiye nayo. Tumekaa jikoni tukiota moto, mama akanitazama.

"Baba, hiyo ni baridi au ni sukari?"

"Sijajua bado mama, ngoja nipime."

"Pima huku unakunywa chai ya sukari. Jasho la shingoni si la baridi."

Kihisi kilisema 4.4 na mshale ukishuka, kidole kikasema 3.0. Kipimo cha mama ndicho ninachokipitisha kwako: ukitetemeka ukiwa mkavu, inawezekana ni baridi, ukitetemeka huku shingo na kiganja vimelowa, kunywa sukari kwanza. Dalili za mwili zikipingana na namba, fuata mwili mpaka kidole kitoe jibu.

Baridi hiyo hiyo inaweza kukifanya kifaa kigome. Kihisi cha FreeStyle Libre 2, kwa mfano, kimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi joto 10 na 45, na kikipoa kupita hapo simu inakuandikia kwamba kihisi ni cha baridi mno. Huo si ubovu. Vaa sweta, kaa karibu na moto bila kuukumbatia, subiri dakika chache, kisha skani tena, yaani kisogezee simu kikisome. Kifaa cha kusomea na mashine ya kidole nazo usizilaze dirishani, lala nazo chini ya mto. Kinyume chake ni safarini. Mzigo unaotoka Dar kwenye buti ya basi mchana wa Novemba unapita Mikumi na Ruaha Mbuyuni, na kule joto halina huruma. Mwombe kondakta kwa adabu aubebe ndani na umlipe kitu kidogo. Joto la kuhifadhia limeandikwa kwenye boksi, lisome, na uangalie na tarehe ya kuisha muda.

Wapo wanaosema huku juu vihisi havifanyi kazi kwa sababu ya milima. Hapana. Kwa Libre 2 hiyo hiyo kikomo ni mita 3,048 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini tupo kwenye 1,700 hivi, na hata kilele cha Rungwe hakifiki 3,000. Tafuta sababu nyingine.

Sababu nyingine mara nyingi ni mafuta. Kipindi cha baridi ngozi inapauka, na sisi tunajipaka mafuta ya mgando mpaka tunang'aa. Gundi haishiki juu ya mgando. Siku ya kubandika, osha sehemu ya nyuma ya mkono kwa sabuni ya kipande isiyo na mafuta, futa kwa spiriti, halafu acha ikauke yenyewe, usiipulizie kwa mdomo. Usibandike mahali unapodunga insulini, acha nafasi ya sentimita mbili na nusu au zaidi. Ukitaka kuongeza plasta juu, itoboe katikati, lile tundu dogo la kihisi lisizibwe. Damu kidogo wakati wa kubandika haina shida. Ikijaa kwenye tundu na namba zikawa za ajabu hata siku ya pili, hicho kimekwenda. Kikitoka chote hakirudishwi, hata kama gundi bado ina nguvu.

Na masweta. Nimeona vihisi vingi vikifa kwa kuvuliwa nguo kuliko kwa ugonjwa wowote wa kielektroniki. Unapovaa, anza na mkono wenye kihisi: kunja mkono wote wa sweta mpaka bega kama unavyokunja soksi, pitisha mkono taratibu, kisha kunjua juu ya kihisi. Unapovua, mkono usio na kihisi utoke kwanza, kichwa kifuate, na wenye kihisi uwe wa mwisho, ukiinua kitambaa kwa vidole kisikiguse. Wenzangu wa kubeba marobota, beba bega la upande wa pili. Kina mama wanaobeba watoto, kichwa cha mtoto kisilale juu yake, kitashusha namba kama godoro linavyofanya.

Simu sitaizungumza sana. Kihisi kikikaa kimya bila kutoa namba, angalia Bluetooth imewashwa, kisha angalia hali ya kuokoa chaji: simu nyingi za bei nafuu huizima programu usipoitumia, na kelele za tahadhari zinazimika nayo. Iondoe programu ya sukari kwenye orodha ya zinazozimwa. Usiifute, na usibadili simu kihisi kikiwa katikati ya siku zake. Simu isiyo na NFC (uwezo wa kusoma kifaa kwa kukisogelea) haiwezi kuskani Libre 2, kwa hiyo muulize anayekuuzia kabla hujalipa. Ukiiacha simu inachajiwa kibanda cha pili umeme ukikatika, jua upo nje ya mita 6 hivi ambazo kihisi kinafikia. Libre 2 inatunza kumbukumbu ya saa 8, hivyo skani kabla hazijapita usiwe na pengo. Na ukiona kimeandika 126, usizimie. Kina vipimo vya Marekani (mg/dL). Gawa kwa 18, unapata 7.

Dawa ndizo zisizozungumzwa, na ndizo za kuogopa. Mafua yakianza huku kila mtu anatumbukiza kidonge cha vitamini C kwenye glasi, na vingi ni vya miligramu 1,000. Kwa Libre 2, zaidi ya miligramu 500 kwa siku inaweza kupandisha namba isivyo kweli. Kwa Dexcom G6 na G7, vihisi vya kampuni nyingine, ni parasetamo ikizidi gramu 1 kila saa 6. Hydroxyurea, dawa ya wenye sikoseli, nayo inapandisha namba za Dexcom. Namba iliyopandishwa inakuficha sukari inayoshuka, na inakushawishi udunge insulini usiyoihitaji. Ukiwa kwenye dawa hizo, rudi kwenye kidole na mwambie daktari wako.

Hospitali wakikuandikia vipimo vya picha vya MRI au CT, sema mapema kwamba umevaa kihisi. Unaweza kuambiwa ukitoe, kwa hiyo ikiwezekana panga kipimo siku ambayo kihisi kinaisha muda.

Neno langu kwa mnaotumia vidonge tu na sukari yenu haishuki ovyo: hela ya kihisi kimoja inanunua stripu nyingi za mashine ya kidole. Kwa sisi wa insulini, kihisi bila stripu ndani ya nyumba ni hatari, maana kikileta utata hakuna wa kuuliza.

Kikithibitika ni kibovu, yaani kidole kimekikataa zaidi ya mara moja sukari ikiwa imetulia, usikitupe. Piga picha kioo cha kihisi na mashine ya kidole vikiwa pamoja, saa ionekane. Tunza boksi lenye namba ya kihisi, na chenyewe kifunge kwenye mfuko, kwa kuwa watengenezaji wanaweza kukitaka. Madai ya kubadilishiwa hupelekwa kwa kawaida kwenye nchi kilikonunuliwa, hivyo anayepiga simu awe yule ndugu aliyekununulia, akiwa na risiti mkononi.