Ukivuka Unguja kuwatembelea wamisionari wenzio

Mimi na mume wangu tumefanya utume kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa tumefikia umri wa kupanda ngazi huku tumeshika ukuta. Mwaka jana tulivuka kwenda Unguja kuwatembelea wamisionari wenzetu, mtu na mkewe, ambao kwa umri ni kama wanetu na hutuita baba na mama. Tulikaa siku nne. Nawaandikia wazee wenzangu wanaofikiria safari kama hiyo, kwa kuwa siku yetu ya kwanza tuliiharibu wenyewe.

Tulifika na orodha ya mahali pa kutembelea, na wenyeji wetu, kwa heshima waliyo nayo, hawakuweza kutukatalia. Jumamosi asubuhi yule mume kijana akatuendesha hadi Paje, pwani ya mashariki. Tulipofika, saa nne hivi, bahari haikuwapo. Ilikuwa siku ya pili ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na maji yalikuwa yamekupwa hadi karibu na mwamba, na pale tulipotarajia kuoga palikuwa na wanawake walioinama, kanga wamezikaza viunoni, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandwa kati ya vijiti. Mmoja alituamkia, “Shikamooni,” kisha akacheka na kusema kwamba bahari yetu itarudi alasiri. Jioni ndipo tulipojua kuwa kijana aliahirisha kwenda kumwona mgonjwa ili atupeleke huko.

Kwa hiyo, kabla hujataja mahali popote, uliza kwanza wenyeji wako wana nafasi siku gani, kisha uliza habari za maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Unguja hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, kwa hiyo anayetaka kuoga pwani ya mashariki asidamke bure.

Siku ya pili tulikwenda Mji Mkongwe peke yetu, na hapo ndipo ningemshauri mmisionari mzee atumie muda wake mwingi. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash, na ujenzi ukaanza mwaka huohuo chini ya Edward Steere, aliyekuwa amefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Inasimuliwa kwamba altare iko pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Steere mwenyewe, ambaye baadaye alikuwa askofu, amezikwa nyuma yake. Upo pia msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliutazama mpaka nikaenda kumtafutia kiti. Vyumba vya chini ya ardhi vilivyo jirani na kanisa, ambamo inasimuliwa kuwa watumwa walifungiwa, vina dari la chini mno. Mwenye mgongo mbovu na asione haya kubaki juu. Kutoka hapo hadi Minara Miwili, kanisa kuu la Wakatoliki, ni mwendo wa miguu tu, ila vichochoro vinapoteza, na kumwuliza njia mzee aliyeketi barazani ni bora kuliko ramani ya simu. Jisitirini mabega na magoti, na mkienda mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa njiani.

Msitu wa Jozani tuliuacha, ingawa nilitamani kuwaona kima punju. Badala yake, siku ya tatu tuliomba kufuatana na kijana kwa yule mgonjwa. Tulimkuta mzee ameegemea mto, akatukaribisha kwa jina la safari yetu, maana habari zilikwisha kumfikia.

“Ehe, wageni wa Paje,” alisema, “bahari mliikuta?”