Kabla ya kupeleka barua kwa bosi, jiulizeni akikataa mtafanyaje

Mwaka wangu wa tatu katika kazi ya usafi hapa Oslo, nilizunguka na karatasi nikikusanya saini za wenzangu. Muda wa kutembea kutoka jengo moja hadi jingine alfajiri haukuwa unalipwa. Tulipata saini 34. Nilipeleka barua nikiamini kwamba wingi wetu ungetosha. Jibu lilikuja na mistari minne: haiwezekani. Tukakwama palepale, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaza siku ya pili yake. Mwezi haukuisha, watu wakawa hawataki hata kulizungumzia.

Mwakilishi mmoja wa wafanyakazi, mama wa makamo, ndiye aliyenisimulia habari za Marcus Thrane, mtetezi wa wafanyakazi wa Norwe wa karne ya kumi na tisa. Nimemsoma sana tangu siku hiyo, na naona kila anayetaka kuwasemea wenzake kazini anapaswa kumjua.

Thrane alikuwa mwalimu, kisha mhariri wa gazeti mjini Drammen, akafukuzwa kwa sababu ya msimamo wake. Desemba 1848 akaanzisha chama cha wafanyakazi mjini humo, na kwenye mkutano wa kwanza walijiandikisha watu wapatao 160. Baada ya miaka miwili na ushei vyama vya namna hiyo vilikuwa na wanachama takriban 30,000, katika nchi ya watu milioni 1.4! Wengi walikuwa mafundi, vibarua, na wale maskini wa vijijini waliopewa kibanda na kishamba na mwenye ardhi, wakalipa kwa jasho lao.

Mwaka 1850 walimpelekea Mfalme Oscar I ombi lenye saini karibu 13,000. Walitaka wanaume wote wapige kura, ushuru wa nafaka uondolewe, shule ziwe bora, na hali ya wale wa vibandani irekebishwe. Wakakataliwa.

Hapo ndipo ninapotuona sisi wenyewe. Baada ya jibu lile harakati ikavutana: wengine wanataka subira, wengine wanazungumzia mapinduzi. Julai 1851 Thrane akakamatwa, viongozi wenzake nao wakafuata, na watu zaidi ya 100 wakahukumiwa. Yeye alitoka gerezani mwaka 1858, akakuta vyama vimekwisha. Wapo wanaomlaumu kwa ukali wa maneno yake. Mimi simlaumu. Alidai haki, na serikali ikamfunga. Ila vyama vyote vile viliwategemea watu wachache mno.

Kwa hiyo mara ya pili tulianza kwa kujiunga na chama cha wafanyakazi, ndipo tukaandika. Tulidai jambo moja tu, zile dakika za kutembea, na kila mtu aliziandika kwenye daftari lake kwa wiki sita. Orodha ya majina ilikuwa na nakala mbili, mikononi mwa watu wawili. Na kabla barua haijaondoka tulikaa jikoni kwangu tukakubaliana: wakikataa, nani atampigia simu ofisa wa chama, na siku gani tutakutana tena.

Walikataa. Alhamisi iliyofuata tulikutana kama tulivyopanga, na watu walikuja 29.

Thrane alihamia Marekani na kufia Wisconsin mwaka 1890. Wanaume wote wa Norwe walipata kura mwaka 1898. Mabaki yake yalirudishwa Oslo mwaka 1949, na kaburi lake liko katikati ya jiji. Dakika zetu zilianza kulipwa mwezi Machi.