Kufuli la kusoma na kufuli la kuandika: ushauri kwa anayeanza kuandika programu za nyuzi nyingi

Anayeanza kuandika programu za nyuzi nyingi, yaani zenye mikondo kadhaa ya kazi inayokwenda kwa wakati mmoja, hufundishwa kwanza kufuli la kawaida, ambalo huruhusu uzi mmoja tu kuigusa data kwa wakati mmoja. Muda si mrefu hugundua kwamba nyuzi zake nyingi hazibadilishi chochote, na hujiuliza kwa nini zipange foleni ilhali kusoma kwa mmoja hakumdhuru mwingine. Swali hilo ni la haki. Mwaka 1971 Courtois, Heymans na Parnas walichapisha makala iliyolishughulikia: wasomaji, yaani nyuzi zinazosoma tu, waingie pamoja kwa idadi yoyote wakishika kufuli la kusoma, lakini mwandishi, yaani uzi unaobadilisha data, aingie peke yake kwa kufuli la kuandika, pasipo msomaji wala mwandishi mwingine ndani.

Kanuni hiyo ni nyepesi kuielewa, na wepesi huo ndio unaowaponza wengi. Kufuli la kusoma ni ahadi anayoitoa mtengeneza programu kwamba hatabadilisha kitu, na kufuli lenyewe halina njia ya kuikagua ahadi hiyo. Ukiivunja, hakuna kitakachokuzuia, na huenda majaribio yote yakapita bila dosari kuonekana.

Nilijifunza hilo kwa gharama. Nilikuwa na jedwali la kuhifadhi majibu yaliyokwisha kutafutwa, lililotumia LinkedHashMap, jedwali la lugha ya programu ya Java ambalo vipengele vyake vimeunganishwa kwa mnyororo, na kupangwa kwa kufuata matumizi: jibu lililotumika karibuni hukaa mwisho wa mnyororo, na lililosahauliwa hukaa mwanzo ili liondolewe kwanza nafasi inapojaa. Nililinda utafutaji kwa kufuli la kusoma, kwa kuwa niliamini kutafuta ni kusoma. Lakini katika mpangilio huo kila anayetafuta hulihamisha jibu kwenda mwisho wa mnyororo, yaani hubadilisha viungo vyake, na nyuzi mbili zinapotafuta kwa pamoja viungo hivyo huweza kuvurugika. Nilishuku mtandao, kisha hifadhidata, siku kadhaa, kabla ya kusoma maelezo rasmi ya Java, ambayo yanasema wazi kwamba utafutaji wa namna hiyo huhesabiwa kuwa mabadiliko.

Tangu hapo, kabla sijaweka kufuli la kusoma, hufungua kila kitendo kitakachoitwa ndani yake na kukisoma hadi mwisho. Kaunta inayohesabu idadi ya maombi, thamani inayokokotolewa mara ya kwanza inapoombwa kisha ikatunzwa, faili ambayo mahali pa kusomea husogea kila inaposomwa: vyote hivyo ni uandishi, hata kama jina la kitendo linasema vinginevyo.

Mtego wa pili humnasa karibu kila mgeni. Uzi unasoma, unakuta thamani haipo, nao unaomba kufuli la kuandika huku bado umeshika la kusoma. Kwa ReentrantReadWriteLock, kufuli la kusoma na kuandika la Java, uzi huo utajisubiri wenyewe milele. Wala si ukaidi wa Java, kwa maana nyuzi mbili zikiomba hivyo kwa pamoja, kila mmoja utamsubiri mwenzake aachie kwanza. Achia la kusoma, shika la kuandika, kisha kagua upya kama thamani bado haipo, kwa sababu katika kile kitambo kidogo uzi mwingine unaweza kuwa umekwisha kuiweka. Ukaguzi huo wa pili ndio unaosahauliwa zaidi. Kinyume chake, kushika la kusoma ukiwa na la kuandika, kisha kuliachia la kuandika, Java inakuruhusu.

Soma pia kanuni za zamu za kufuli unalolitumia, kwani hazifanani. RWMutex, kufuli la namna hii katika lugha ya Go, huzuia wasomaji wapya pindi mwandishi anapoanza kusubiri, ili naye apate nafasi. Kwa hiyo uzi ulioshika kufuli la kusoma na kuliomba tena kupitia kitendo kingine unaweza kukwama katikati. Maktaba ya glibc, inayotumiwa na programu za lugha ya C kwenye Linux, usipoielekeza vingine, huwapendelea wasomaji, na mwandishi huweza kusubiri sana wasipokoma kuingia.

Kuhusu kasi, ambayo ndiyo huwavuta wengi kwenye makufuli haya, nashauri kuanza na kufuli la kawaida na kupima. Kwa kawaida kila msomaji anapoingia na kutoka huandika kwenye hesabu ya pamoja ya wasomaji, na viini vya prosesa hulazimika kunyang'anyana kipande hichohicho cha kumbukumbu, ambacho katika prosesa nyingi ni baiti 64. Kazi ya ndani ikiwa ni kuchukua thamani moja tu, gharama hiyo huizidi kazi yenyewe, na kufuli la kawaida mara nyingi hushinda. Kufuli la kusoma hulipa pale usomaji unapochukua muda na uandishi ni wa nadra.

Na uandishi ukiwa wa nadra mno, kama ilivyo kwa mipangilio ya programu, mimi hutengeneza nakala mpya kamili isiyobadilika, kisha huelekeza rejeo, yaani kiashiria ambacho wasomaji hukifuata kuifikia data, kwake kwa hatua moja isiyogawanyika. Wasomaji huichukua nakala iliyopo bila kushika chochote, na kufuli la kawaida hubaki kwa waandishi peke yao, wasije wakafutiana mabadiliko.