Mikoko haipandwi popote tu

Mnasema miche yenu ya mikoko ufukweni imekufa kwa mbegu mbovu. Hapana ndugu, haikufa kwa mbegu mbovu. Mikoko ni ya aina nyingi: mkoko wenyewe, mlilana, mkandaa, mchu. Imekufa kwa sababu mmepanda mkoko mahali pa mlilana. Kule mbele kabisa, wimbi linapopiga, ni kwa mlilana. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama matao, hukaa nyuma yake, na mkandaa nyuma zaidi. Mchu ndio mvumilivu, utaukuta mbele na hata juu, upande wa nchi kavu, kwenye chumvi kali.

Mche wa mkoko ukichomekwa kwenye tope tupu hufunikwa na maji saa nyingi mno. Halafu vile vidude vyenye gamba gumu hung'ang'ania shina mpaka linalala. Shika mmoja wa miche yenu utavihisi vinakwaruza vidole.

Hili si la kubuni. Gazi kule Kwale, pwani ya Kenya, watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wamefanya kazi ya mikoko na wanakijiji kwa miaka mingi, na jambo la kwanza ni kuangalia maji yanafika wapi.

Ila kama miti mama ipo karibu na mkondo haujazibwa, tafadhali msipande kwanza. Mbegu huja zenyewe na maji.