Bango si cheti: maswali yenu kuhusu migahawa ya halali mjini

Maswali yamejaa tena, na kama kawaida nusu yake ni lile lile, limebadilisha kanzu tu. Nimechukua yanayobeba mengine. Usipoona lako, tafuta ndugu yake humu.

Swali: Karibu na kazini kwangu, katikati kabisa ya jiji, kumefunguliwa mgahawa mpya. Mlangoni wameandika HALAL kwa taa za kijani. Je, nile?

Jibu: Hili nimelijibu mpaka kalamu imechoka. Fundi wa mabango haulizi ng'ombe kachinjwa na nani. Ukimlipa, anaandika. Ukimlipa zaidi, anaongeza mwezi na nyota.

Kinachotafutwa ni cheti, na cheti husomwa, hakitazamwi. Nani kakitoa? Kimetolewa kwa jina la mgahawa huu, kwa anwani hii, au kwa tawi lililo upande wa pili wa jiji? Kinaisha lini? Tena, kinahusu nini hasa? Hapo ndipo wengi wanapopigwa chenga. Mgahawa unatundika cheti cha kampuni inayowauzia kuku. Cheti ni cha kweli, hakuna aliyeghushi, ila kinamsindikiza kuku mpaka mlangoni tu. Yaliyompata jikoni hakiyajui.

Nami yamenikuta. Siku moja nilikaa chini ya cheti chenye fremu ya dhahabu, nikala nusu sahani, ndipo nikainua macho nikakisoma. Muda wake ulikwisha miaka miwili nyuma, na mtaa ulioandikwa haukuwa ule. Nikamwita msimamizi. Akakitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya mjomba asiyemfahamu, kisha akasema, "Hicho tulikikuta." Walipangishwa chumba pamoja na cheti chake.

Kwa wanaosafiri: nchi hazifanani. Singapore anayetoa cheti ni MUIS, baraza la dini ya Kiislamu la huko, peke yake. Malaysia ni JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, na mabaraza ya dini ya majimbo. Uingereza hakuna mamlaka moja ya kisheria. Zipo taasisi kadhaa, kila moja na masharti yake. Basi kabla ya kupanda ndege, jua huko uendako nani anatoa, halafu tafuta jina la mgahawa katika orodha ya huyo mtoaji. Ni kazi ya dakika mbili. Mnaotumia nusu saa kuchagua picha ya chakula ya kuweka kwenye simu msiniambie hamna muda.

Swali: Wameandika "hapa hatupiki nguruwe". Si ndiyo halali yenyewe?

Jibu: Siyo. Ng'ombe asiyechinjwa kisheria ni kibudu, hata kama hajawahi kuonana na nguruwe maishani mwake.

Swali: Kila nikimuuliza mhudumu kama chakula ni halali ananijibu "ndiyo" hata kabla sijamaliza kuuliza. Nitajuaje kama anasema kweli?

Jibu: Hutajua, kwa sababu umeuliza vibaya. Swali linalojibika kwa "ndiyo" litajibiwa "ndiyo", hasa saa saba mchana wakati watu wamejipanga foleni mpaka nje na mhudumu ana meza sita. Hadanganyi lazima. Pengine hajui, na hakuna aliyemlipa ajue.

Uliza swali ambalo jibu lake ni jina: "Nyama mnanunua kwa nani?" Hapo mgahawa unajianika wenyewe. Mwenye kujali atakutajia bucha au kampuni papo hapo, na wengine wataingia jikoni wakutolee boksi lenye lebo, au risiti ya asubuhi ile. Nilipata kumuuliza mpishi mmoja, akafuta mikono kwenye aproni, akafungua friji kubwa, akanionyesha mihuri kwenye mapaja ya mbuzi mmoja mmoja, na alipomaliza akaniuliza mimi kama kuna bucha bora zaidi ninayoijua. Huyo nilirudi kwake mwezi mzima. Mwingine aliniambia, "Inaletwa na gari." Gari la nani? "La nyama."

La pili la kuuliza: "Vyakula vyote vilivyomo kwenye orodha ni halali, au baadhi?" Migahawa mingi ya katikati ya jiji inalisha watu wa kila namna, na ina kuku halali na nyama nyingine isiyo halali chini ya dari moja. Si kosa lao, hawakukuficha. Ni kosa lako kuagiza bila kuuliza, halafu kuandika malalamiko usiku.

Na tafadhali, ulizeni kwa adabu, kabla ya kuagiza. Kuna watu wanakula, wanalamba vidole, ndipo wanaanza upelelezi.

Swali: Mimi huogopa kuuliza, kwa hiyo naagiza chipsi na samaki tu. Niko salama, sivyo?

Jibu: Samaki hachinjwi, hapo huna neno. Shida si samaki, ni karai. Jikoni kwenye nafasi finyu huwa kuna mafuta mamoja: chipsi zako, samaki wako, na soseji za jirani yako za nyama usiyoijua, zote zinaogelea humo kwa zamu tangu asubuhi. Vivyo hivyo jiko la kuchomea, koleo la kugeuzia na ubao wa kukatia. Uliza kama mafuta ya kukaangia ni ya peke yake. Wanaopika halali kwa dhati hulijibu swali hili kwa fahari, maana limewagharimu karai la pili.

Ukimaliza chipsi zako za woga usirukie kitindamlo bila kufikiri. Jelatini ndiyo inayoshikilia vitamu vingi vinavyotetemeka, na mara nyingi hutokana na ngozi ya nguruwe au mifupa ya ng'ombe. Ile inayoandikwa E471 kwenye pakiti, kiungo cha kushikanisha mafuta na maji, inaweza kutokana na mafuta ya mimea au ya mnyama. Herufi na namba peke yake hazikuambii ni ipi.

Swali: Mpishi ameniambia mvinyo kwenye mchuzi unakwisha kwa moto, hakuna kinachobaki. Ni kweli?

Jibu: Mpishi anarudia aliyoambiwa na mpishi. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kuwa chakula kilichochemka na pombe kwa dakika 15 hubaki na takriban asilimia 40 ya ile pombe, na baada ya saa 2 na nusu bado ipo asilimia 5 hivi. Mchuzi wa chakula cha mchana mjini haukai jikoni saa 2 na nusu. Hata ungekaa, mwenye kutia mvinyo sufuriani amekwisha kukupa jibu lako. Agiza kingine. Na mkiingia kwenye mikahawa ya Kijapani, ulizeni kuhusu mirini. Ni mvinyo wa mchele wa kupikia, na unaingia kwenye sosi nyingi zinazong'aa.

Swali: Mgahawa una cheti halali cha nyama, lakini kuna kaunta ya pombe. Mke wangu anasema tusiingie, mimi nasema nyama ni nyama.

Jibu: Mkeo ana hadithi upande wake: yapo makatazo ya Mtume (s.a.w.) ya kukaa kwenye meza inayozungushiwa pombe. Wewe una njaa upande wako. Mambo ya nani akae wapi mkamuulize shekhe wenu; mimi naandika habari za chakula. Ila nitasema hivi: katika mji wenye migahawa mia, ugomvi wa ndoa kwa ajili ya huo mmoja ni gharama kubwa kuliko chakula chenyewe.

Swali: Kuna bucha mbili zinazouzia migahawa ya mtaani kwetu, zote zina vyeti, na kila moja inasema ya mwenzake si halali. Ugomvi ni kwamba moja inakubali mnyama kuzimishwa kwa umeme kabla ya kuchinjwa. Tumfuate nani?

Jibu: Karibu kwenye vita visivyokwisha. Wanachokubaliana wote ni kwamba mnyama awe hai kisu kinapopita. Wanaokubali umeme wanasema uwe hafifu, kiasi kwamba mnyama akiachwa ataamka. New Zealand, kwa mfano, kondoo wa halali huzimishwa kwa umeme wa kichwani tu kwa sharti hilo. Wanaokataa wanasema hakuna anayekaa kwenye mstari wa machinjio akihakikisha kila mnyama angeamka, hasa kuku, ambao hupita kwa maelfu na ni wepesi kufa. Uingereza utakuta taasisi mbili zinazojulikana sana, HMC na HFA. Ya kwanza haikubali kuzimisha kabisa, ya pili inakubali kwa masharti. Kwa hiyo migahawa miwili iliyopakana inaweza kuwa na vyeti viwili vya kweli visivyoafikiana.

Jua chako kinasema nini, kisha kifuate kwa moyo mkunjufu. Nisichokipenda ni mtindo wa kuwatangazia wenzako kuwa wanakula haramu wakati hujui hata nyama yako imechinjwaje. Nusu ya wanaonitumia barua kali kuhusu umeme hawajawahi kumuuliza mwenye bucha wao swali hata moja.

Swali: Programu ya simu inaonyesha mgahawa una nyota nne na nusu na alama ya halali. Inatosha?

Jibu: Inatosha kukufikisha mlangoni. Alama hizo mara nyingi huwekwa na wateja au na mwenye mgahawa mwenyewe, na mgahawa ukibadilisha mwenye mali, alama hubaki kama mlinzi aliyesahauliwa zamu. Soma maoni ya miezi ya karibuni tu, na humo tafuta aliyetaja cheti au jina la bucha. "Mashallah chakula kitamu" si ushahidi.

Swali: Mgahawa tunaokwenda ni wa halali kweli, wa Muislamu mwenzetu, lakini meza zinanata, chakula kimelala na wahudumu wanatukaripia. Wenzangu wanasema tuvumilie, tumuunge mkono ndugu yetu.

Jibu: Hili nimelisubiri, kwa sababu hapa ndipo tunapojidhulumu wenyewe. Aya ya 168 ya Suratul Baqara inataka vitu viwili, halali na kizuri. Sisi tumechukua cha kwanza tukamsamehe mpishi cha pili. Na wenye migahawa wanalijua hilo. Wanajua tukiona cheti tunafumba macho, basi wanatuwekea wali wa jana chini ya kitambaa.

Usiwe mpole kwenye uchafu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 mpaka kinapoliwa, na kisiachwe nje zaidi ya saa 2. Ukiona sinia lisilotoa mvuke saa tisa alasiri, hesabu inajulikana. Tazama rangi ya mafuta: yakiwa meusi na yenye povu, ondoka. Nenda kunawa mikono kabla ya kuagiza, maana msalani ndipo mgahawa unaposema ukweli wake. Orodha ya vyakula ikiwa ndefu kama daftari la madeni na wapishi ni wawili, jua vingi vimetoka kwenye friji na si jikoni. Na kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni kuwatazama wafanyakazi wenyewe saa yao ya kula. Wakila humo humo, keti. Wakivuka barabara kwenda kula kwa jirani, wafuate.

Ndugu yako anaungwa mkono kwa kuambiwa faraghani kwamba meza zinanata. Asiposikia, mwache. Kwenda kwa anayejitahidi zaidi si usaliti.

Swali: Nina dakika arobaini tu za chakula cha mchana. Nifanyeje?

Jibu: Usianze kutafuta ukiwa na njaa. Tafuta Jumamosi, ule siku za kazi. Njia yangu ya zamani katika jiji nisilolijua ni kwenda kuswali msikiti ulio karibu na katikati, halafu kumuuliza mtu aliyevaa nguo za kazi, si mgeni mwenzangu, anakula wapi. Muuza duka, dereva, mlinzi. Hawa wanakula nje kila siku kwa fedha yao, na wameshaugua mahali pabaya pote kabla yako. Kisha fika robo saa kabla ya foleni.

Swali: Tutumie orodha ya migahawa kumi bora.

Jibu: Sitoi.

Swali: Unatutia wasiwasi mno. Dini ni nyepesi. Mtu akialikwa na Muislamu naye aanze kudai risiti ya bucha?

Jibu: La, na asante kwa kunibana. Imepokewa kwa Bibi Aisha katika Bukhari kwamba watu walimwambia Mtume (s.a.w.) kuna jamaa, waliosilimu karibuni, wanawaletea nyama na hawajui kama imetajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Akawaambia wataje wao jina lake, wale. Kwa hiyo ukialikwa nyumbani kwa Muislamu, sema Bismillahi, ule, na umsifu mpishi. Mimi nazungumzia duka linalokuuzia neno "halali" na kukutoza kwa hilo neno. Huyo ni mfanyabiashara, na mnunuzi ana haki ya kuuliza anachonunua, kama unavyogeuza nyanya sokoni kuangalia upande wa pili.

Wiki ijayo nitajibu yale ya vyakula vya ndegeni. Aliyeniuliza kama chumvi ni halali, barua yako nimeiona.